Kidole Kifupi: Kisa cha Picha Moja ya Misheni ya Bagamoyo

Maandishi yaliyoanzisha mgogoro huu niliyachapa mimi, dukani kwangu. Nalisema mapema ili msomaji ajue kwamba anayemsimulia hakukaa pembeni.

Nina steshenari ndogo hapa Bagamoyo: kopi, kuprinti, kuskani, laminesheni, fremu. Watu wakileta picha za zamani zilizoliwa na unyevu wa pwani, nazisafisha kwenye kompyuta, na kazi hiyo naipenda kuliko zote. Siku moja mwenye nyumba ya wageni alinitumia picha kwa WhatsApp. Watoto kumi na wanne wamesimama safu mbili, nyuma yao upande mmoja kuna miembe, upande wa pili ukuta mrefu wa mawe. Alitaka ikuzwe, ifremiwe, na chini yake yawepo maneno haya: «Watumwa waliokombolewa, Bagamoyo, 1868». Nikaikuza, nikachapa maneno, nikalipwa. Picha ikaenda kutundikwa ukumbini, pale wageni wanapokunywa chai ya asubuhi.

Miezi kadhaa ikapita. Kisha akaingia dukani bibi mmoja wa umri wa kupita sabini, kajitanda kanga, kashikwa mkono na mjukuu wake wa kidato cha pili.

«Shikamoo Bibi.»

«Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika kwamba bibi yangu ni mtumwa?»

Yule mjukuu alikuwa akifanya kibarua kwenye nyumba ile ya wageni wakati wa likizo. Aliiona picha ukutani, akaipiga kwa simu, akaitupia kwenye kundi la familia. Kundi likawaka. Mmoja wa Dar es Salaam akaandika kwamba kumbe wazee walikuwa wakificha asili. Mwingine akajitoa kwenye kundi bila kuaga. Binti mmoja wa ukoo ule alikuwa ameshachumbiwa Pangani, na upande wa pili wakapiga simu kuuliza maswali ambayo hawakuyauliza siku ya kuleta barua ya posa.

Kwa msomaji wa bara, mtumwa ni neno la kitabu cha historia. Kwetu pwani ni neno la kuposea na la kukatalia. Watu wameishi mtaa mmoja miaka mia, wamezikana, wameoana, na bado katika ugomvi wa mpaka wa kiwanja litapatikana jitu litakalouliza: «Kwani nyie mlikuja na nani?» Kwa hiyo sikushangaa kwamba Bibi alikuwa na hasira. Nilichoshangaa ni sentensi yake ya pili.

Aliiweka simu ya mjukuu mezani kwangu, akaigusa picha kwa ncha ya ukucha. Msichana wa tatu kutoka kushoto, mstari wa mbele, kashika kibao cha kuandikia.

«Ni yeye,» akasema, «na siyo yeye. Kidole ni hicho. Lakini mkono siyo.»

Bibi alilelewa na bibi yake, mama mzaa mama, na akalala naye kitanda kimoja mpaka alipokuwa msichana mkubwa. Jioni wakisuka ukili, ule utepe wa ukindu wa kushonea mikeka, barazani, yule mzee alikuwa akiubana mwanzo wa ukili kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mwisho cha mkono huo kilikuwa kifupi: pingili ya juu ilikatika utotoni. Bibi alikiangalia kidole hicho kila jioni kwa miaka. Na kwenye picha kweli, ukiikuza, vidole vya msichana vimeushika ukingo wa kibao, na cha mwisho kimeishia njiani. Ila kimeishia njiani kwenye mkono wa kulia.

Nikamjibu jibu ambalo hadi leo nikilikumbuka naona haya. Nilimwambia: «Bibi, picha haidanganyi. Labda ni mtoto mwingine.» Akaniangalia, akachukua simu ya mjukuu wake, wakaondoka.

Nilichokisoma kwenye picha

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaifungua ile picha kwenye kompyuta, si kwa ajili ya kuisafisha, bali kuisoma.

Mwaka kwanza. Mwaka 1868 si mwaka wa kubuni. Ndio mwaka mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Unguja, walikokuwa tangu 1863, wakaja kuanzisha misheni hapa chini ya Padre Antoine Horner. Na habari ya watumwa si ya kubuni pia. Misheni ilinunua watu, hasa watoto, katika soko la Unguja kabla halijafungwa mwaka 1873, na wengine ilikabidhiwa baada ya majahazi kukamatwa baharini na manowari za Waingereza. Kikawepo kijiji cha waliokombolewa, chenye kengele, mashamba, shule, kanisa na ratiba. Si wote waliopapenda. Wapo waliotoroka, na wapo waliokaa, wakaoana na kuzaa hapohapo. Kwa hiyo maneno niliyoyachapa yalikuwa na historia ya kweli ndani yake. Swali ni kama historia hiyo ndiyo ya watoto hawa kumi na wanne.

Nikaanza na miembe. Ile njia ya miembe ya misheni, ambayo kila aliyefika Bagamoyo ameipita, ilipandwa mwaka 1871. Katika picha miembe ni mikubwa, mashina yake mtu mmoja hawezi kuyakumbatia, na matawi yamekutana juu. Mwaka 1868 miti hiyo ilikuwa haijapandwa, na mwembe wa namna hiyo huchukua miaka mingi kukua. Tena mwaka 1872 kimbunga kiliipiga pwani hii na kuivunja misheni vibaya. Kwa miembe peke yake mwaka 1868 ulikuwa umeshakufa, na mimi mwenyeji wa hapa, ninayepita chini ya miti ile kila wiki, sikuwa nimeiangalia.

Kisha ukuta. Si wa nyumba iliyokamilika. Juu yake hakuna paa, na umeegemezewa miti mirefu iliyofungwa kwa kamba, miti ya kupandia mafundi. Misheni ina makanisa mawili. La kwanza ni la 1872, lile lenye mnara ambako mwili wa Livingstone, uliobebwa kutoka bara na akina Chuma na Susi, ulilala usiku mmoja Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Kanisa la pili, kubwa, lilijengwa kuanzia 1910 hadi 1914. Mawe ya ukuta wa pichani, na madirisha yake marefu yenye kichwa cha upinde, ni ya hili la pili. Nilichukua simu nikaenda kusimama pale kuhakikisha, nikahesabu madirisha mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Halafu kuna kuku. Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa sababu kuku huyu alinifurahisha kuliko ushahidi mwingine wote. Nyuma ya watoto, pembeni kabisa, kuna kuku anapita. Kainua mguu mmoja, vidole vya mguu vimekunjika hewani, na kila unyoya unaonekana. Mwaka 1868 mpigapicha alikuwa akipaka dawa kwenye kioo, anapiga picha kioo kikiwa bado kibichi, na lazima akisafishe kabla hakijakauka, yote hayo kwenye hema la giza alilolibeba mwenyewe katika joto hili la kwetu. Kwa kawaida mwanga uliachiwa kwa sekunde, si kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mtu akipumua vibaya anatoka na ukungu usoni. Kuku anayetembea anatoka kama moshi. Vioo vikavu, vilivyokuja na dawa yake tayari na vyenye kasi ya kumnasa kuku mguu juu, vilivumbuliwa mwaka 1871 na vikaenea karibu na 1880. Kuku huyu hakupigwa picha 1868.

Kuhusu nguo sikutaka kujiaminisha sana. Wasichana wamevaa kanga zenye maua, hakuna aliyevaa kaniki, na katika pwani ya zamani kaniki nyeusi ilikuwa vazi la mtumwa na mvuja jasho. Ingependeza kusema kanga inathibitisha uungwana. Lakini watoto wa misheni walivikwa na misheni, na siku ya kupiga picha walivikwa vizuri zaidi, kwa sababu picha ilikuwa inakwenda Ulaya kwa watu waliochangia fedha. Hilo tusilisahau katika picha yoyote ya misheni, iwe ya Bagamoyo, ya Magila kule Muheza walikokuwa Waanglikana, au ya Walutheri wa Usambara. Kuna aliyepanga safu, kuna aliyesema vibao vishikwe mbele. Kilichoachwa kitokee chenyewe ni kuku, na vidole.

Vidole ndivyo vilivyonirudisha kwenye kibao. Kimeandikwa kwa chaki neno moja. Watu waliochangia chini ya picha hii mtandaoni walilisoma «adad», na mmoja akaeleza kwa uhakika kwamba ni «adadi» isiyomaliziwa, kwa hiyo watoto walikuwa kwenye kipindi cha hesabu. Mimi pia nilikuwa nimelisoma hivyohivyo wakati nakuza. Sasa nikalikuza mpaka chembe za chaki zikaonekana, na nikaona kitu ambacho mwalimu yeyote wa darasa la kwanza angekiona mara moja: herufi a zote mbili zina mkia upande usio wake. Hakuna mwalimu aliyemfundisha mtoto kuandika a ya namna ile.

Nikabofya sehemu ya kugeuza picha, kushoto kuwa kulia.

«baba».

Nilikaa kimya pale dukani, mteja mmoja akiwa ananisubiri na cheti chake cha kuzaliwa cha kulaminisha. Kibao kilisomeka baba. Miembe ikahamia upande wake, ukuta upande wake. Na kidole kifupi kikawa kwenye mkono wa kushoto.

Kwa nini ilitokea kinyume ni jambo ambalo mimi, kuliko mtu mwingine, nilipaswa kulijua. Kazi hii nilijifunza Tanga, kwenye studio ya mjomba wangu, enzi za filamu. Kitu cha kwanza alichonifundisha chumba cha giza ni kuutambua upande wa dawa. Filamu ikiwekwa tumbo juu, picha inatoka vizuri kabisa, ina mwanga, ina sura, ila bwana harusi anatoka na saa mkono wa kulia. Alikuwa anasema ukikosea uso, mteja atarudi leo. Ukikosea upande, mteja hatarudi, ataondoka na uongo. Vioo vya zamani ni hivyohivyo. Mapadri walirudi Ulaya na vioo vya kurushia picha ukutani kwa taa, wakionyesha kwenye kumbi za parokia. Kioo cha namna hiyo unaweza kukitazama kwa pande zote mbili. Miaka mia baadaye mtu anakiskani haraka haraka, kimelala tumbo juu, na hakuna Bibi pale chumbani wa kumwambia mkono siyo.

Nyuma ya kadi

Nilikuwa na picha iliyokaa sawa, na makadirio ya kati ya 1910 na 1914. Nilitaka kujua maneno yalitoka wapi.

Picha za misheni za pwani yetu zimetawanyika. Za mapadri wa Roho Mtakatifu nyingi ziko Chevilly-Larue, karibu na Paris. Makaratasi ya Waanglikana wa Magila yako Oxford, na Wajerumani wana zao. Sehemu ya picha za aina hii imewekwa mtandaoni, na mkusanyiko mkubwa uko chini ya Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Ni jambo jema, na limenifaa sana mimi ambaye sina nauli ya kwenda huko. Ila maelezo ya picha huandikwa na watu walio mbali na mahali penyewe, na yakishaandikwa yanasafiri kuliko picha.

Nikaifuatilia hii. Iliwekwa na hifadhi moja ya Ulaya ambayo sitaitaja, ikiwa imeskaniwa kutoka kwenye kioo cha taa, kinyume. Maelezo yao, ukiyafasiri, yalisema: Bagamoyo, misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Yasome tena. Yanaieleza misheni. Watoto hawajaguswa kabisa. Kisha ukurasa mmoja wa Facebook wa picha za kale ukaichukua, ukafupisha sentensi, na katika kufupisha mwaka wa misheni ukawa mwaka wa picha, na watu wa misheni wakawa watoto hawa. Mwenye nyumba ya wageni akaichukua kutoka Facebook. Mimi nikaichapa kwa herufi kubwa na kuitia kioo. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja alipunguza kidogo.

Wiki mbili baadaye, kwenye tovuti ya mnada ya wakusanyaji wa kadi za posta, nikakutana na watoto walewale. Safu ileile, kuku yuleyule, mguu juu. Ilikuwa kadi ya posta iliyochapwa Ujerumani, na muuzaji alikuwa ameweka mbele na nyuma. Kwenye kadi picha ilikaa sawa: baba ni baba. Maneno ya Kijerumani yaliyochapwa chini yanasema tu, shule ya misheni, Bagamoyo.

Nyuma haikuandikwa kitu, lakini ina mstari katikati, kushoto nafasi ya ujumbe, kulia anwani. Wakusanyaji wa kadi wanauthamini mstari huo kwa sababu una tarehe. Zamani upande mzima wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake, na salamu mtu aliibana pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu kuugawa upande huo mwaka 1902, Ujerumani mwaka 1905. Kwa hiyo kadi hii haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, na hilo lilikubaliana na kanisa lisilo na paa.

Kadi sikuinunua, bei ilinishinda. Nilihifadhi picha zake zote mbili nikazitoa kwenye karatasi nzuri, nikaenda kwa Bibi.

Kikao barazani

Tulikaa watu watano: Bibi, kaka yake, yule mjukuu, mwenye nyumba ya wageni, na mimi. Nilianza kwa kuomba radhi, kwanza kwa maandishi, pili kwa kumwambia Bibi kwamba picha haidanganyi. Kisha nikawaonyesha moja baada ya nyingine: miembe, ukuta, kuku, kibao. Kwenye kibao mjukuu ndiye aliyesoma kwa sauti. Kaka yake Bibi akasema taratibu, «Haya, sasa mkono ndio huo.»

Nikaeleza hesabu. Msichana anaonekana wa miaka kumi hivi. Kama picha ni ya kati ya 1910 na 1914, alizaliwa mwanzoni mwa karne, wakati Wajerumani wameshahamishia makao makuu yao Dar es Salaam tangu 1891 na vita vya Abushiri vimebaki kwenye masimulizi. Hawezi kuwa alinunuliwa Unguja. Soko lilifungwa karibu miaka thelathini kabla hajazaliwa. Nikaongeza, maana ni kweli, kwamba hilo halifanyi utumwa wenyewe uwe umekwisha siku zile. Wajerumani waliutoza kodi na kuuwekea taratibu badala ya kuufuta. Amri yao ya 1904 ilisema watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ndio watakuwa huru, na sheria ya kuufuta kabisa ilikuja 1922, chini ya Waingereza. Lakini mtoto aliyesimama na kibao kwenye shule ya misheni, ambaye familia yake inajua alizaliwa palepale misheni, si wa kuitwa mtumwa aliyekombolewa.

Mwenye nyumba ya wageni alisikiliza vizuri. Si mtu mbaya, na hoja yake naieleza kwa haki. Alisema wageni wanakuja Bagamoyo kutafuta habari ya utumwa. Njia ya misafara iliishia hapa, pembe na watu vilipakiwa hapa, na mji huu una haki ya kuieleza habari hiyo na hata kupata riziki kwayo. «Nikiandika wanafunzi wa shule,» akasema, «mgeni atapita tu. Na hao waliouzwa nani atawataja?»

Kaka yake Bibi akaruka: ukoo wao hauna mtumwa, haujawahi, na picha ishushwe leo hiihii.

Bibi alikuwa ameishika ile karatasi mapajani, kidole gumba chake kimelala juu ya mkono wa yule msichana. Hakunyanyua uso.

«Aliyenunuliwa ni mama yake,» akasema.

Hakuna aliyejibu.

«Aliletwa mdogo, kimo cha meza hii. Alitoka bara, kwao hakukumbuka jina, alikumbuka mto na mlima mmoja. Mapadri wakamnunua. Akakulia pale, akaolewa pale. Huyu ni mtoto wake. Huyu kazaliwa hapa, kabatizwa hapa, kasoma hapa, kazaa hapa. Aliniambia tukisuka ukili, akaniambia nisiwaambie kaka zangu maana watagombana na watu. Nimekaa nayo. Sasa mkitaka kuandika mtumwa, mwandikeni mama yake, na jina lake nitawapa. Huyu mwacheni na kibao chake.»

Nimesikiliza watu wengi wakizungumza juu ya picha za wazee wao, na sijawahi kusikia uchambuzi wa picha uliozidi huo. Nilikuwa nimekuja na miembe na mistari ya nyuma ya kadi kuthibitisha kwamba neno lile halistahili kuwepo kabisa. Bibi hakutaka lifutwe. Alitaka likae juu ya mtu aliyelibeba, kwa jina lake, na lisimwangukie mwanawe.

Kaka yake aliondoka kabla ya chai. Kwa muda hakuzungumza na dada yake, na sitajifanya kwamba yote yalikwisha siku ile. Mchumba wa Pangani, kwa faraja ya wengi, aliendelea na harusi yake. Alipoambiwa ukweli wote na Bibi mwenyewe, mama yake kijana alisema tu kwamba hata kwao yupo aliyetokea bara asijulikane kwao.

Maandishi mapya tuliyatunga palepale, na Bibi aliyasikiliza mara tatu kabla ya kukubali. Yanasema kwamba hawa ni wanafunzi wa shule ya misheni ya Bagamoyo, kati ya 1910 na 1914, kanisa jipya likijengwa nyuma yao. Kwamba wa tatu kutoka kulia, mstari wa mbele, ni fulani. Na kwamba mama yake, fulani, aliuzwa akiwa mtoto, akanunuliwa na misheni, na akaishi hapa kama mtu huru. Majina yote mawili yapo ukutani. Hapa nimeyaacha kwa ombi la Bibi, kwa sababu alisema ukutani anaweza kwenda kuyaona, mtandaoni hawezi kuyafuata.

Gharama ya kuchapa upya niliibeba mimi. Kwa mshangao wa mwenye nyumba ya wageni, watu wanasimama kuliko zamani. Kuna maneno ya kusoma na kuna mtu wa kumtafuta kwenye safu.

Hifadhi ile ya Ulaya niliiandikia, nikaambatanisha kibao kilichogeuzwa na nyuma ya kadi. Walijibu kwa adabu, picha wakaigeuza ikakaa sawa, na mwaka wakaurekebisha. Ukurasa wa Facebook haukujibu. Nakala ya kinyume, yenye 1868 chini yake, bado inazunguka, na juzi tu mteja aliniletea akitaka niichape kwenye fulana za sherehe ya shule. Nilimgeuzia picha mbele yake, nikamsomea kibao.

Siku hizi sichapi maelezo ya picha ya zamani kabla sijauliza nyuma yake kumeandikwa nini na kabla haijapita mbele ya mzee wa mji. Kazi inachelewa, na wapo wateja waliohamia duka la jirani.

Bibi naye hajatulia. Alikuja tena mwezi uliopita, safari hii peke yake, na karatasi yake ndani ya bahasha ya kaki. Anasema yule mvulana wa mstari wa nyuma, mwenye masikio yaliyosimama, masikio yale anayajua. Kuna nyumba Kaole watoto wote wanazaliwa nayo. Jumamosi baada ya sala ya alasiri tunakwenda kuwauliza.